Madaftari 78 kila usiku: mwalimu wa darasa la kwanza afanyeje?

Mwalimu wa Katuba, Lubumbashi
Walimu wenzangu, nawasalimu. Tangu Septemba ninafundisha darasa la kwanza lenye watoto 78, katika chumba ambacho, kabla ya elimu ya msingi kufanywa bure hapa Kongo mwaka 2019, hakikupata kujaa hata nusu. Kila usiku naandika fishi, yaani karatasi za matayarisho ya masomo ya kesho, kisha jurnali ya darasa, yaani daftari la ratiba ya masomo ya siku, kisha nasahihisha madaftari hadi umeme unakatika. Asubuhi, kuita majina peke yake kunanila dakika ishirini. Ni kazi ipi ninayoweza kuipunguza bila kumkosea mtoto wala mkurugenzi?

Mama Mwalimu, Kamalondo
Mwanangu, majina usiyaite. Mpe kila mtoto nafasi yake kwenye dawati, nawe utaliona pengo kabla hujafungua daftari la mahudhurio. Mimi huandika wasiokuwapo wakati wenzao wananakili tarehe. Kusahihisha nako kufanyie humo humo darasani, ukipita na kalamu nyekundu safu mbili kabla ya mapumziko na mbili baadaye, kwa sababu mtoto aliyegeuza herufi "b" akaonyeshwa papo hapo huifuta na kuiandika upya, lakini ukimsahihishia usiku, kesho ataona wekundu tu asijue umetoka wapi. Fishi, hapana, hizo usiziguse.

Mwalimu wa darasa la sita, Bukavu
Nakubaliana na Mama, isipokuwa kuhusu fishi. Fishi ndefu iliyonakiliwa kutoka ya mwaka jana ili inspekta aione haimfundishi mtu. Wewe unafundisha kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha ya miaka hiyo miwili ya mwanzo kwetu huku mashariki, kwa hiyo mistari kumi inatosha: maneno utakayotamka, mfano wa ubaoni, zoezi moja. Mimi huwapokea watoto mwaka wa mtihani wa taifa, na wapo wanaosoma Kifaransa kwa sauti nzuri bila kuelewa sentensi hata moja. Kusoma huko kwa kukariri hakukuanzia kwangu.

Mama Mwalimu, Kamalondo
Papa wa Bukavu, inspekta akimwomba kijana huyu fishi kamili, utakuja kumjibu wewe?

Mwalimu wa Katuba, Lubumbashi
Asanteni sana. Leo nimeandika wasiokuwapo kwa kutazama nafasi zilizo wazi, safu kwa safu: dakika nne. Nimegundua pia kwamba kuna mtoto ambaye, tangu mwanzo wa mwaka, amekuwa akiitika "niko" kwa niaba ya jirani yake.