Tunaishi chini ya Kilimanjaro na Meru, lakini taarifa za njia ni za kubahatisha. Imetosha!

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa Moshi, nimekasirika, na uzi utakuwa mrefu. Mnisamehe kwa hilo tu.

Mdogo wangu yuko Arusha. Yeye na wenzake wa kazini wanajiandaa kupanda Meru, halafu mwakani Kilimanjaro Mungu akipenda. Wakaniomba niwatafutie kitabu au hata karatasi ya kuaminika: njia inaanzia wapi, maji yanapatikana wapi, kambi ziko mita ngapi, siku ngapi zinatosha. Jambo dogo kabisa, tena kwa watu ambao mlima uko dirishani kila asubuhi. Nimezunguka mjini, nimeuliza maduka ya vitabu, nimekesha mtandaoni. Nilichokipata ni aibu, na sitaki tuendelee kuizoea.

Kuna duka karibu na stendi walikuwa na ramani moja ya Kilimanjaro. Imekunjwa mpaka mikunjo imeanza kuchanika, mstari wa njia ya Rongai umefifia, na hakuna mahali palipoandikwa ilichapwa lini. Nikamuuliza muuzaji. "Kaka, hii ndiyo wanayochukua wazungu wote." Nikamwambia sijauliza nani anaichukua, nauliza ni ya mwaka gani. Akaigeuza nyuma, akaitazama, akairudisha mezani. Juu yake Kibo, kile kilele kikuu cha Kilimanjaro, imevalishwa barafu kama kofia nzima, wakati kila mtu hapa mjini akiinua macho anaona yamebaki mapande. Zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwepo mwaka 1912 imeshakwenda. Anayeuza ramani hiyo leo kwa bei ile anamuuzia mtu mlima ambao haupo tena.

Mtandaoni ndiko balaa zaidi. Chukueni kambi ya Barafu peke yake, ile ya mwisho kabla ya kileleni. Kibao cha kambini kinasema mita 4,673. Tovuti moja inasema 4,600, nyingine 4,640. Kwenye ukingo wa kreta, Stella Point kibao kinasema 5,756, wengine wanaandika 5,739. Gilman's ni 5,685 au 5,681, inategemea umesoma wapi. Meru yenyewe mara 4,566, mara 4,562. Najua kuna atakayekuja hapa kuniambia mita nne ni kitu gani. Mita nne si kitu, mkuu. Shida ni kwamba ukiona namba zinatembea namna hiyo ujue waandishi wananakiliana, na aliyenakili kimo bila kuuliza ndiye huyo huyo aliyenakili habari za maji bila kuuliza.

Na maji si utani. Kambi ya Barafu haina maji. Yanabebwa mgongoni na kichwani kutoka bonde la Karanga. Njia ya Marangu nako Kibo Hut hakuna, unachota chanzo cha mwisho kabla hujaingia lile jangwa kati ya Kibo na Mawenzi. Kila mgumu wa Moshi, yaani mpagazi, analijua hili. Sasa sikilizeni nilichoelezwa na mpagazi mmoja mtu wa Old Moshi, kijana mpole ambaye hana sababu ya kunidanganya. Kundi lao lilikuwa na mgeni aliyekuja na karatasi zake amezichapisha kutoka kwenye intaneti, na karatasi zinasema Barafu maji yapo. Mpishi alishakadiria ya chai, ya supu na ya kujaza chupa za usiku. Mgeni na wenzake wakatumia madumu mawili kunawa na kusuuza nguo. Jioni vijana wawili wakateremshwa Karanga, mteremko wa zaidi ya mita 600, wakarudi kwa taa za kichwani na maji begani, na usiku huo huo mmoja wao alitakiwa asindikize watu kileleni. Kampuni siitaji, na mgeni simlaumu sana, alisoma akaamini. Namlaumu aliyeandika, na namlaumu kila anayejua ukweli akaacha uongo ule uendelee kusomwa.

Lakini kinachonichoma kuliko vyote ni habari ya siku. Marangu ya siku 5 inauzwa kila kona, na kwenye vipeperushi imeandikwa kwa herufi kubwa: njia rahisi. Kwa sababu ina vibanda na vitanda, na mwinuko wake ni wa taratibu mguuni. Haya, piga hesabu. Usiku wa kwanza Mandara, mita 2,720. Wa pili Horombo, 3,720. Wa tatu Kibo, 4,720, na usiku huo huo unaamshwa kwenda kileleni 5,895. Kila siku unapandisha mahali pa kulala mita 1,000. Madaktari wa milimani wanasema ukishapita mita 3,000 usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike siku moja. Hii inayoitwa njia rahisi inakwenda mara mbili ya hapo! Ndiyo maana watu wenye busara wanaongeza usiku wa pili pale Horombo. Kipeperushi gani kati ya vile nilivyookota Moshi na Arusha kinamweleza mteja jambo hili? Hakuna hata kimoja. Wanaandika tofauti ya bei, basi.

Kileleni Uhuru, hewa ya oksijeni unayoivuta ni karibu nusu ya ile ya Dar au Tanga. Mapafu yakijaa maji au ubongo ukivimba, mtu anaanza kukohoa akiwa amekaa tu, au ukimwambia atembee mstari ulionyooka hawezi, na dawa ya kwanza ni kumshusha, si kumpa moyo. Mdogo wangu na wenzake ni watu wazima wenye akili. Wakielezwa hili watachagua siku 6 au 7, na kama fedha haitoshi watasubiri waongeze. Lakini hawaelezwi. Wanaambiwa "pole pole" na "usijali", wanalipa.

Njia ya Umbwe nako ni hivyo hivyo. Imesifiwa kuwa ya mkato na haina msongamano. Kweli haina. Ni mkato kwa sababu inapanda wima msituni na kukufikisha kambi ya Barranco, karibu mita 3,900, siku ya pili tu. Mtu ambaye hajazoea kimo anaisoma kama sifa.

Western Breach, njia inayopanda ukuta wa magharibi wa Kibo, naomba tuizungumze kwa heshima, kwa sababu watu walikufa pale. Januari 2006 mawe yaliporomoka yakaua Wamarekani watatu. Njia ilifungwa, baadaye ikafunguliwa tena. Mawe ya ukuta ule yameshikwa na barafu usiku, jua likishapiga yanaachia, kwa hiyo saa ya kuondoka kambi ya Arrow Glacier ni suala la uhai. Sasa fungueni kurasa za watu wanaoiuza. Nyingi nilizosoma zinaiita njia ya mkato yenye mandhari. Neno la mawe hakuna, neno la helmeti hakuna, tarehe ya maelezo hakuna. Na huko Breach Wall, ukuta wa jirani, ambako Reinhold Messner na Konrad Renzler walipanda mwaka 1978 kwa kutumia nguzo ya barafu iliyoning'inia, bado utakuta maelezo yaliyoandikwa kana kwamba barafu ile inakusubiri.

Ol Doinyo Lengai sasa, ule mlima wa volkano. Kabla ya 2007 kreta ilikuwa imejaa lava iliyoganda, watu wanatembea juu yake, wengine wanapiga mahema huko huko juu. Septemba 2007 mlima ulilipuka, ikaendelea mpaka 2008, na pakabaki shimo refu lenye kuta zilizosimama. Mlima ulibadilika umbo kabisa! Lakini mpaka leo nimesoma maelezo yanayomwambia mtu apange kuvuka kreta kwa miguu. Mtu anapanda usiku kukwepa joto la bonde, anafika ukingoni bado giza, kichwani ana picha ya uwanja aliousoma. Mnaelewa ninachosema?

Meru inaniuma kwa sababu ndiko mdogo wangu anakoanzia. Kila mahali wameiandika kuwa ni mlima wa mazoezi kabla ya Kilimanjaro. Geti la Momella, vibanda vya Miriakamba mita 2,514, vya Saddle 3,570, na askari wa hifadhi mwenye bunduki anakwenda nanyi kwa ajili ya nyati na tembo, hayo yote yameandikwa vizuri. Lakini ukishapita Rhino Point usiku, unatembea juu ya mgongo wa mlima, upande mmoja ukiwa na kreta inayoshuka moja kwa moja, miamba na majivu chini ya kiatu, na kurudi unapita pale pale ukiwa umechoka. Anayeogopa vimo anatakiwa alijue hilo akiwa bado Arusha mjini, si akiwa pale juu saa kumi alfajiri.

Kwa wale wataalamu watakaosema tumieni ramani za serikali za 1:50,000: ni kazi nzuri, naziheshimu, na ukizipata ni bahati. Ila zimechorwa kwa mfumo wa zamani wa kupimia mahali, Arc 1960, na simu zetu zinatumia mwingine, WGS84. Ukichukua namba kwenye ramani ukaziingiza kwenye simu kama zilivyo, unakosea karibu mita 300. Kwenye ukungu wa uwanda wa Shira, kule Kilimanjaro, mita 300 ni bonde jingine kabisa. Nimeona faili za GPS zinazosambazwa kwenye magrupu ya WhatsApp, kituo kimoja kimekaa porini, na hakuna aliyeandika namba zilitoka wapi.

Najua jibu litakalokuja: sheria inakutaka upande na mwongozaji mwenye leseni, kitabu cha nini? Hapana. Njia unaichagua, siku unazihesabu na fedha unazilipa kabla hujakutana na mwongozaji wako. Ukishafika getini umeshachelewa. Tena waongozaji wetu wanajua mno, na huko ndiko kwenye uchungu wenyewe. Mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni, na Mzee Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu ndiye anayetajwa kuwa aliwaongoza. Meyer akarudi kwao akaandika kitabu. Alichokijua Mzee Lauwo kuhusu msitu ule na mabonde yale, sisi tutakisoma wapi? Zaidi ya miaka 130 imepita, na bado anayeandika ni mpita njia aliyepanda mara moja, wakati aliyepanda maisha yake yote anaulizwa tu kama begi limefungwa.

Wengine watasema teknolojia haijafika. Agosti 2022 intaneti ya kasi ilifika Horombo, mita 3,720. Mtu anarusha video kutoka kule moja kwa moja. Lakini ukurasa wa Kiswahili, wenye tarehe, unaosema wiki hii daraja fulani limeharibika au chanzo fulani kimekauka, nimeutafuta sikuuona.

Ninachodai si kikubwa. Kila njia iwe na karatasi moja ya Kiswahili, ya bure, ibandikwe getini na stendi za Moshi na Arusha, na iwekwe mtandaoni. Iseme imeandikwa tarehe gani na nani aliitembea mara ya mwisho. Iseme maji yako wapi kiangazi na yako wapi masika, maana ni vitu viwili tofauti. Vimo viwe vya chanzo kimoja, na chanzo kitajwe. Siku za chini zinazoshauriwa kiafya ziandikwe hata kama wauzaji watanuna. Namba ya uokoaji iwepo. Ikipita misimu miwili bila kukaguliwa, ing'olewe. Dar wanafunzi na wakazi waliingia mitaani na Ramani Huria, mradi wa wananchi kuchora ramani, wakachora mpaka mitaro ya maeneo yanayofurika, kazi ikaanza 2015. Hapa tuna waongozaji na wapagazi kwa maelfu wanaopita njia zile zile kila mwezi na simu mfukoni. Tunashindwa nini?

Wakati wenye mamlaka wanafikiria, tuanze humu humu. Aliyepanda hivi karibuni aweke: njia, mwezi na mwaka, maji aliyakuta wapi, mahali njia ilipoharibika, na kimo kama kilivyo kwenye kibao, kwa picha. Usiandike ulichosikia. Ninahitaji haraka mtu aliyepanda Lengai baada ya mvua za mwisho, na mtu aliyelala Saddle mwezi huu atuambie maji ya pale yakoje. Wagumu mlioko humu, nyinyi ndio wa kwanza kusikilizwa. Msiogope kuandika kwa sababu hamna vyeti. Asiyetaka jina lake lijulikane aje PM, nitaweka bila jina.

Mods, tafadhali msiuunganishe uzi huu na ule wa gharama za kupanda mlima. Ule ni wa bei.