Saa ya keneli yangu inarudi nyuma, msaada wakuu

Rejista_Tupu: Wakuu heshima kwenu. Nina keneli ndogo (kiini cha mfumo endeshi) naiandika mwenyewe. Taima ya maunzi ni ya biti 16, inahesabu mikrosekunde. Ikifurika, yaani ikijaa na kurudi sifuri, interapti (ishara ya maunzi inayokatiza kazi ili ishughulikiwe) inaongeza moja kwenye kaunta ya juu iliyo kwenye memori. Nikiunganisha mbili hizo napata saa. Tatizo, mara mojamoja saa inarudi nyuma na kazi zilizolala haziamki kwa wakati. Nimefikiria kuweka sharti: usomaji ukiwa mdogo kuliko uliopita, rudisha ule uliopita. Mnaonaje?

Mzee wa Tiki: Tumia biti 32 kijana. Ila ukihesabu milisekunde, baada ya siku 49 na ushee inafurika tena, Windows 95 iliganda hivyohivyo. Na ndege za Boeing 787 zilikuwa na kaunta inayofurika vilevile, mwaka 2015 waendeshaji wakaagizwa kuzima umeme wa ndege kabla ya siku 248. Mimi enzi zangu tulikuwa tunazima mashine kila Ijumaa, hakuna aliyelalamika.

Nusu_Biti: Mzee, kaulizwa biti 16. Mleta uzi, saa unaisomea wapi?

Rejista_Tupu: Sehemu nyingi tu mkuu.

Nusu_Biti: Ndani ya kipangakazi pia? Interapti zikiwa zimezimwa?

Rejista_Tupu: Ndiyo, lakini hilo siwezi kulibadilisha, foleni ya kazi itaharibika. Ndiyo maana nikaja na lile sharti.

Mama Semafo: Watoto wa siku hizi mnaandika keneli kabla ya kusoma mwongozo wa chipu. Haya.

Kaka Stopu: Hii chai. Taima inafurika kila milisekunde 65.5, nani ataona kwa macho kwamba saa imerudi nyuma? Kazi ya chuo hii, anataka tumfanyie.

Rejista_Tupu: Chai ya nini mkuu? Logi hii, saa imesomwa mara mbili mfululizo:
1048571
983047

Kaka Stopu: Ngoja. Tofauti 65524. Ongeza 12 unapata 65536 kamili. Sawa, sio chai. Endeleeni.

Nusu_Biti: Hapo ndipo penyewe. Kati ya kusoma mara hizo mbili zimepita mikrosekunde 12, taima ikavuka sifuri, ila interapti inasubiri mlangoni kwa sababu umeizima. Sehemu ya chini (taima) mpya, ya juu (kaunta) ya zamani. Acha interapti zizimwe. Soma ya juu, soma ya chini, kisha angalia bendera ya kufurika, ile biti ambayo maunzi huisimamisha taima ikifurika. Bendera ikiwa imesimama na ya chini ni chini ya 32768, yaani umeisoma baada ya kufurika, ongeza moja kwenye nakala ya juu uliyoisoma. Kaunta yenyewe iachie interapti, na bendera usiifute. Ni ukaguzi mdogo wa ziada, gharama yake ni ndogo.

Mzee wa Tiki: Na kwenye kuamsha kazi usilinganishe moja kwa moja, toa kwanza halafu angalia alama: (int32_t)(sasa - mwisho) >= 0, mwisho ni wakati wa kazi kuamka.

Rejista_Tupu: Shukrani. Sharti langu nitalibakiza pia, kwa usalama.

Nusu_Biti: Litakufichia kosa linalofuata. Interapti unazizima kwa muda gani, kwa kawaida?

Rejista_Tupu: Fupi sana. Labda wakati wa kufuta memori ya flashi.

Nusu_Biti: Labda?

Rejista_Tupu: Kama milisekunde 80. Lakini hiyo hutokea mara chache mkuu.

Nusu_Biti: Bendera ni moja. Ikifurika mara mbili humo ndani, utahesabu moja.

Kaka Stopu: Nilisema mimi.