UKOO WETU: Kikao cha Jumamosi

Shangazi Zuhura: Hamjambo wote. Ripoti ya Salim imetoka. Masomo si mabaya ila mwalimu wa darasa ameandika "ni mkaidi". Jumamosi saa kumi jioni tukutane kwa Mzee tumkalishe. Kila mtu athibitishe.

Shangazi Zuhura: Naona mnasoma tu. Jibuni jamani.

Hamisi: Mkaidi hafaidi hata siku ya Idi 😂

Mwanaidi: Mimi Idi ninayo kwenye jina, nafaidi mwaka mzima 😂😂

Shangazi Zuhura: Hili si la kuchekea.

Mama Salim: Wifi, mbona ripoti umeileta huku kabla sijaisema mimi? Salim akiagizwa huuliza kwa nini. Akijibiwa anafanya. Huo ni ubishi. Mkaidi haulizi, anakutazama tu na hafanyi.

Shangazi Zuhura: Ubishi na ukaidi baba mmoja mama mmoja.

Faraji: Hapana Shangazi. Ubishi uko mdomoni, ukaidi uko kwenye kitendo. Ndiyo maana kwenye habari tunasikia "wamekaidi amri ya mahakama". Mtu anakaidi amri, agizo, wito. Sasa mwalimu aliagiza nini Salim akakataa? Ripoti haisemi, na hilo ndilo la kuuliza.

Hamisi: Angeandika "kichwa kigumu" je?

Faraji: Hapo tungedhani haelewi. Asiyeshika hesabu naye huitwa hivyo hivyo.

Shangazi Zuhura: Faraji, darasa limekwisha. Jumamosi unakuja?

Baba Mkubwa: Ndiyo kwanza nasoma. Ukaidi wa ukoo huu tunajua ulikoanzia. Nani aligoma kutia saini makaratasi ya kiwanja?

Shangazi Zuhura: Kaka, hayo tuliyamaliza.

Baba Mkubwa: Mliyamaliza nyinyi.

Baba Salim: Ujumbe huu umefutwa

Baba Salim: Niligoma kwa sababu mpaka ulisogezwa. Kaka unajua. Mkaniita mkaidi mimi, leo mnamwita mwanangu.

Babu: Wanangu. Nimesomewa yote. Mkaidi ni yule anayeijua haki akaikataa. Anayeishikilia haki asilegee ni mshupavu. Mtoto ukimwita mkaidi kila siku atalizoea jina, kisha atalifuata. Neno hilo lisitajwe tena mbele ya Salim. Na hao wawili wa mpaka waje kwangu kabla ya Jumamosi. Nawataka wote wawili pamoja.

Mwanaidi: Shikamoo Babu.

Baba Mkubwa: Nimesikia Mzee.

Shangazi Zuhura: Tumesikia Baba. Basi Mama Salim aende shule Ijumaa amwulize mwalimu ni agizo gani lililokataliwa. Jumamosi iko pale pale.

Mama Salim: Shule nitakwenda. Ila Salim simleti kukalishwa mbele ya ukoo mzima.

Shangazi Zuhura: Kikao bila mtoto cha nini sasa?

Mama Salim: Nikishamsikia mwalimu nitakwambia wifi.

Faraji: Mimi nitakuja nikipata ruhusa kazini.

Bi Saida: Asalaam aleikum, ndio nafungua simu. Salim kafaulu?

Hamisi: Kafaulu Bibi. Tunagombania neno moja la mwalimu.

Shangazi Zuhura: Wanaokuja waandike "ndiyo". Baba Salim, umesoma. Kwa Mzee unakwenda lini?

Mwanaidi: Ndiyo

Shangazi Zuhura: Baba Salim?