Mrejesho: lile bawa la Spitfire lililopinda
Wakuu habari zenu, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliwauliza kuhusu Spitfire yangu ya 1/48 (modeli ya plastiki ya kuunga ya ile ndege ya kivita, ndogo mara 48 kuliko yenyewe), bawa la kulia limepinda kama ndizi na kibawa cha mkia kimetoka pembe pungufu, yani plastiki haikujaa kwenye moldi.

Waliotengeneza nimewaandikia na picha nikatuma, mpaka leo kimya. Basi nikafata ushauri wa maji ya moto. Jamani yakichemka epua kwanza yatulie, maana hii plastiki kwenye nyuzi 100 hivi inalegea kabisa. Nikazamisha bawa sekunde kama 20, nikanyoosha taratibu kwa vidole, nikalitia kwenye beseni la maji baridi huku nimelishikilia, nikarudia mara tatu na sasa limelala flati juu ya kioo.

Pembe nimeijaza na vipande vya fremu ya plastiki inayoshikilia sehemu za modeli kwenye boksi hilohilo, nilivyoviyeyusha kwenye asetoni (niliipata Kariakoo) mpaka ikawa uji mzito, unapaka kidogokidogo. Hapo msiwe na haraka, nilisubiri siku tatu ndo nikapiga msasa wa maji namba 600 halafu 1000, ukipitisha kucha huhisi kiungo. Asanteni sana, nimefurahi mno, Jumapili napiga rangi.