Waingereza waiache SA80 au waing'ang'anie?

Kibunda: Wakuu, jeshi la Uingereza linatafuta mrithi wa SA80, ile bunduki yao ya bulpapu, yaani yenye magazini nyuma ya kifyatulio. Mfaransa aliamua 2016 kuacha bulpapu yake FAMAS, akachukua HK416 ya Mjerumani yenye magazini mbele. Mchina naye kaanza kuipumzisha bulpapu yake QBZ-95. Muundo umekufa au ni fasheni? Mimi nasema haujafa. SA80 ina urefu wa sm 78 hivi, mtutu peke yake sm 51. M4 ya Marekani, kitako kikivutwa nje, ni ndefu zaidi na mtutu wake haufiki sm 37. Ukiruka kutoka kwenye deraya, unataka ipi?

Ngosha wa Mjini: Nataka inayolia! Wamepewa 1985, wamekwenda nayo Ghuba 1991, mchanga kidogo tu ikaanza kukwama. Magazini ilikuwa inadondoka kwa sababu kitufe chake kinabonyezwa na kifua cha askari mwenyewe. Plastiki ikaliwa na dawa ya mbu. Dawa ya mbu, jamani.

Kibunda: Hiyo ni A1, toleo la kwanza. Heckler & Koch wa Ujerumani walizifumua miaka ya 2000, zikarudi A2 na zikafanya kazi. Ubwabwa ukiungua utalaumu mchele?

Ngosha wa Mjini: Nalaumu aliyelipa mara mbili. Na makomando wao mbona wanabeba C8 ya Kanada, ambayo si bulpapu?

Mzee Tungi: Mnasahau bunduki ya EM-2. Mwingereza alikuwa na bulpapu tangu 1951, Churchill akaitupa kwa sababu haifai.

Kibunda: Si kwa muundo, mzee wangu. Ilipitishwa wakati wa Attlee, waziri mkuu kabla ya Churchill. Marekani ndiyo haikuitaka risasi yake ya .280, ikang'ang'ania yake ya 7.62, Churchill akafuata mkumbo wa NATO.

Mama Shoto: Hamjagusa bega. SA80 inatema ganda kulia, karibu kabisa na shavu. Mtu wa mashoto akiiweka bega lake, ganda linampiga usoni na mpini wa kukokia unamfuata meno.

Ngosha wa Mjini: Wa mashoto wangapi? Wafundishwe kulia kama wenzao. Jeshi si chekechea.

Mama Shoto: Wafundishwe? Darasa la pili mwalimu alinifunga mkono kwa kamba ya katani nijifunze "kulia kama wenzangu". Mwandiko wangu mpaka leo ni wa kuku. Rudia hiyo kauli.

Mzee Tungi: Pole mwanangu. Lakini mkono wa kushoto mbele ya wakwe haupendezi, tuseme ukweli.

Mama Shoto: Shikamoo mzee, nakuheshimu, ila hapo umenigusa. Wakwe wanakula ninachopika kwa mkono huo huo.

Dogo Bara: 😂😂 Mzee kapigwa na ganda.

Kibunda: Turudi kwenye mada. AUG, bulpapu ya Austria, unabadilisha boliti na kifuniko, inatemea kushoto. F2000, bulpapu ya Ubelgiji, inatema mbele kabisa. Kwa hiyo tatizo ni SA80, si bulpapu.

Mama Shoto: Ahsante. Mbelgiji kamfikiria mtu ambaye hajawahi kumwona. Ngosha hapo kimya.

Ngosha wa Mjini: Sijakimbia. F2000 nani kainunua? Slovenia na nani? Jeshi linanunua kwa wengi, dada.

Mama Shoto: Usiniite dada. Na kamba ya katani pia ilinunuliwa kwa wengi?

Kibunda: Swali lilikuwa SA80 ibaki au isibaki…

Dogo Bara: Subiri kwanza mkuu, Mzee Tungi anaandika tena kuhusu wakwe.