Asubuhi anakujua, jioni anakuuliza u nani: tupeane uzoefu wa kuuguza wazee wenye demenshia hapa Tanga

MWENYE UZI
Shikamooni wakubwa, na wengine hamjambo. Uzi huu ni wa jambo moja, mgonjwa wa demenshia (maradhi ya ubongo yanayodhoofisha kumbukumbu na fikra) kubadilika. Asubuhi anasoma Yasini bila kukosea, alasiri hajui choo kiko wapi, na majirani wanasema anajifanya. Hajifanyi! Ubongo unaougua haudhoofiki sehemu zote kwa mpigo, wala hauko vilevile saa zote. Mnaoijua kazi hii, wekeni mambo ya kufanya.

BI UKILI, CHUMBAGENI
Nianze na saa. Jua la Tanga huzama kati ya saa 12:15 na 12:45 jioni mwaka mzima, na vurugu nyingi huanza kabla kidogo. Saa ya mwili imeharibika, mtu amechoka, mwanga unafifia, na vivuli vya ukutani anaviona watu. Taa ziwashwe saa 11:15, msingoje giza. Pazia lifungwe, na kioo kifunikwe ikiwa anamwona mgeni ndani yake. Kuoga, ambako ndiko kwenye ugomvi, kufanywe saa 3 asubuhi. Usingizi wa mchana usizidi nusu saa. Umeme ukikatika, tumieni taa ya kuchaji. Mwali wa mshumaa unacheza na vivuli vinazidi.

Kilichobaki nacho kitumike. Alzheimer, aina mojawapo ya demenshia, huanzia sehemu inayoweka kumbukumbu mpya, ndiyo maana chai ya sasa hivi ameisahau lakini vidole vinasuka ukili kama zamani. Kazi za mikono zimehifadhiwa kwingine. Mpeni miyaa, mpeni mchele achague.

MUUGUZI WA NGAMIANI
Mtu anayeshuka ghafla ndani ya saa chache au siku mbili, msiseme ni uzee. Kuna kitu kimeongezeka juu ya demenshia: maambukizi ya mkojo, nimonia, malaria, choo kigumu, mkojo uliokataa kutoka, ukosefu wa maji, au dawa mpya. Mwambieni ataje siku za wiki kurudi nyuma kuanzia Ijumaa. Aliyeweza wiki iliyopita na leo anapotea kwenye siku ya pili, apelekwe hospitali leo leo. Wazee wengi hawapandi homa hata maambukizi yakiwa makali, kwa hiyo kipimajoto kisiwatulize. Joto la Kaskazi nalo huwakausha: glasi moja kila baada ya saa mbili, mpeni mkononi, maana kiu hawaisikii. Mwenye figo mbovu asipewe madafu ovyo, yana potasiamu nyingi.

Dawa ndogo ndogo ndizo zinazoniumiza roho. Klorofeniramini ya mafua, promethazini, amitriptilini na benzheksoli zote huzuia asetilikolini, kemikali ambayo tayari imepungua kwenye ubongo wa mgonjwa. Dukani utauziwa bila kuulizwa ni ya nani. Semeni wenyewe.

Halafu Lewy, aina nyingine ya demenshia. Mwenye hii hubadilika kwa saa, hata kwa dakika. Mchana anasinzia muda wa saa 2 au zaidi ilhali usiku kalala, anakodolea macho hewa, maneno hayaungani, kisha anarudi sawa. Anaona watoto au wanyama chumbani, anapiga mateke usingizini, anaburuta miguu. Watu wanakimbilia kusema majini. Akipewa haloperidoli ili atulie, anaweza kukakamaa mwili mzima, na wapo wanaofariki. Ukifika tu mapokezi, kabla ya sindano yoyote, sema: "Tunashuku Lewy."

KIJANA WA RASKAZONE
Na wenye Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa, Ramadhani ikikaribia?

MFAMASIA, BARABARA YA 12
Swali muhimu. Dozi ya levodopa, dawa yao ya Parkinson, kwa wengi hushika saa chache tu, na ugonjwa ukikua muda huo hupungua. Ikiisha, mwili unakakamaa na fikra zinakuwa nzito papo hapo. Ikirudi, mtu anarudi. Inywewe nusu saa kabla ya kula, kwa kuwa protini ya samaki, nyama au maharage hugombania nayo njia ileile ya kuingia mwilini. Kufunga ni saa 13 hivi bila dozi, na kuikata ghafla kunaweza kuleta homa na mkakamao wa hatari. Mgonjwa ana ruhusa ya kula. Daktari na shehe waulizwe wiki kadhaa kabla.

Mwenye kisukari pia. Akisahau kula lakini akanywa glibenklamidi, dawa yake ya kushusha sukari, sukari inaanguka: jasho, kutetemeka, maneno ovyo. Sukari vijiko 3 vya chai katika nusu glasi ya maji, pima tena baada ya dakika 15. Asiyemeza vizuri asimiminiwe kitu, akimbizwe hospitali.

BI UKILI, CHUMBAGENI
La kliniki. Mbele ya daktari wengi hujikaza, robo saa nzima wanajibu sawasawa. Ukienda hospitali ya Bombo au kwingine, beba daftari la wiki 2: saa, hali yake, alichokula na kunywa, dawa, choo. Ongeza video mbili fupi za simu, ya saa njema na ya saa mbaya. Na bibi ambaye hakwenda shule asipimwe kwa kuandika sentensi, atashindwa hata akiwa mzima. Ulizieni kipimo cha IDEA, kilichotengenezwa wilayani Hai, Kilimanjaro. Humtaka apange njiti za kiberiti, ataje wanyama, akumbuke maneno 10. Ombeni saa ya kupimwa iandikwe pembeni ya alama, na marudio yafanywe saa ileile.