Nauli ya Desemba: tunaporwa mchana kweupe pale steji, na kila mwaka tunalipa tukinyamaza

Wakenya wenzangu, naandika nikiwa na hasira na sina haja ya kuzificha.

Katikati ya mwezi huu, baada ya tarehe 15, nililipia viti vya familia yangu kwa simu. Ujumbe wa kuthibitisha ukaingia: tarehe 23, saa mbili asubuhi, Nairobi hadi Butere kule magharibi, shilingi 1,300 kila kiti. Siku yenyewe tukafika Machakos Country Bus, kituo cha mabasi hapa Nairobi, kungali na giza, watoto wakisinzia juu ya mabegi. Karani akaichukua risiti, akaikata ile 1,300 kwa biro na juu yake akaandika 2,800. "Hiyo ilikuwa bei ya zamani. Ongeza ama umpishe mwenye pesa." Nikamwonyesha ujumbe wa kampuni yao wenyewe. Hata hakuutazama.

Nyuma yangu alikuwa mama mmoja na mtoto mgongoni. Naye akaambiwa vivyo hivyo. Akafungua fundo la leso, akahesabu noti mara mbili, hazikutosha. Akamwuliza karani kwa upole, "Sasa mwanangu, nirudi wapi na nyumba nimefunga?" Karani akaita mtu mwingine. Mimi nililipa kwa pesa za karo ya Januari. Yule mama sijui alilala wapi.

Wenye mabasi husingizia mafuta. Uongo! Bei ya mafuta hutangazwa na EPRA, mamlaka ya serikali ya kudhibiti nishati na mafuta, tarehe 14 ya kila mwezi, nayo hudumu hadi tarehe 14 ya mwezi unaofuata. Kwa hivyo kati ya tarehe 15 na 23 Desemba bei ya pampu haikusogea hata senti. Ni nini basi kilichopandisha nauli zaidi ya maradufu? Husema pia kwamba basi hurudi Nairobi tupu. Sawa, hilo lina ukweli kidogo. Lakini Januari watu wakirudi kazini na shuleni, basi linajaa kutoka Kakamega na nauli inapanda tena upande huo. Mbona wakati huo hawatupunguzii sisi tunaokwenda magharibi?

Baba yangu alifanya kazi hapa Nairobi miaka mingi, na Krismasi alikuja nyumbani kwa garimoshi hadi Butere. Tulimngoja stesheni tangu mchana, tukibishana nani atabeba mkate na nani atabeba sukari. Mfukoni alikuwa na ile tiketi ndogo ya kadi ngumu, nauli imepigwa chapa, na sisi watoto tuliigombania tuichezee. Hakuna karani aliyemfutia nauli ile kwa biro. Mzee hakuwa na mshahara wa maana, lakini alijua mapema safari itamgharimu ngapi, akaweka akiba, akafika. Siku hizi kuna majirani zangu Kayole ambao wazazi wao wameacha kuwauliza kama watakuja. Kuku anachinjwa, chapati zinapikwa, wajukuu hawapo. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hizo pesa.

Dada yangu anaishi Minnesota, ambako Desemba ni theluji tupu. Mwaka jana dhoruba ilifunga safari yake, akapangiwa ndege ya kesho yake bila kuongezwa hata senti. Huko walizuiwa na mbingu. Sisi huku jua linawaka, barabara iko, basi liko, na anayetuzuia ni binadamu mwenye biro.

Na kuna jambo la hatari hapa. Nauli ikipanda hivi, kila dereva anasukumwa ageuze haraka apige safari nyingine, hajalala. Tarehe 31 Desemba 2017 watu 36 walikufa pale Migaa, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, basi lilipogongana na lori usiku. Serikali ikasimamisha safari za usiku za magari ya abiria. Kila anayepita Salgaa na Sachangwan, kwenye barabara hiyo hiyo, mwezi huu anaifahamu hofu ninayoisema.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinalinda maslahi ya kiuchumi ya mnunuzi, na tuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Sitaki tena kusikia waziri akitoa onyo kwenye runinga mkesha wa Krismasi. Nataka nauli za Desemba zitangazwe kufikia mwisho wa Novemba, zibandikwe kwenye kila ofisi ya tiketi, na aliyekwisha kulipa asiongezwe chochote. Kampuni itakayokiuka isimamishwe Desemba hiyo hiyo, si Machi watu wakiwa wamesahau.

Aliye na risiti iliyokatwa kama yangu aipige picha aiweke hapa chini, afiche jina na nambari yake ya simu, aseme njia, tarehe, aliahidiwa ngapi na alitozwa ngapi. Nazikusanya zote hadi tarehe 10 Januari, kisha nazipeleka NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na Mamlaka ya Ushindani. Anayetaka tuandamane aseme pia.